Kumwona mama katika nchi ya tatu: somo la kulala nyumba ya shamba, Izki



Swali linaloletwa ofisini kwetu mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Nitamwona lini mama yangu?" Wengine wanauliza juu ya baba, wengine juu ya mtoto aliyebaki kwa shangazi, wengine juu ya dada ambaye jina lake halikuingia kwenye faili. Kesi za kuunganisha familia huchukua miaka, na nyingine hazifiki mwisho. Kurudi nyumbani kumtazama mzazi nako kuna hatari zake. Kwa hiyo somo la toleo hili linahusu njia ambayo baadhi ya familia zetu zimeitumia: kukutana katika nchi ya tatu, na kulala siku hizo katika nyumba ya shamba inayopokea wageni.

Tutachukua mfano wa Izki, mji wa Oman. Nimeuchagua kwa sababu naujua. Hapo ndipo nilipoonana na mama yangu mzazi baada ya miaka 11. Soma polepole, na kama nyumbani kuna mzee au kijana asiyesoma Kiswahili vizuri, msomee kwa sauti. Mwishoni kuna maswali ya kuzungumza pamoja.

1. Kwa nini nchi ya tatu?

Mtu aliyepokelewa Marekani kama mkimbizi alipewa ulinzi kwa sababu alisema: nikirudi kwetu, maisha yangu yako hatarini. Akienda tena kule kule kabla ya kupata uraia, serikali ina haki ya kumuuliza, "Kama uliikimbia nchi hiyo, mbona umerudi?" Swali hilo linaweza kuharibu faili lake. Hata kusimama kwa saa chache katika uwanja wa ndege wa nchi uliyoikimbia si jambo la kufanya bila kwanza kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji.

Ambaye bado hajawa raia anasafiri kwa hati ya safari ya mkimbizi. Hati hiyo unaiomba kwa fomu I-131, unaiomba ukiwa bado ndani ya Marekani, na muda wake hauzidi mwaka 1. Usikate tiketi kabla hujaishika mkononi. Zaidi ya hapo, si kila nchi inaipokea hati hiyo, kwa hiyo unauliza ubalozi wa nchi unayokwenda na unauliza shirika la ndege, na majibu unayaomba kwa maandishi. Kwa wengi wenu njia nyepesi ni kusubiri pasipoti. Mkimbizi anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani. Mimi nilisubiri. Ilikuwa ngumu, lakini nilisafiri bila kutetemeka mbele ya dirisha la askari wa uhamiaji.

Nchi ya tatu ni ile ambayo wewe unaweza kuingia, na mzazi wako naye anaweza kuingia, na nyote mnaweza kutoka salama. Kila familia ina nchi yake. Kuna waliokutana Uganda, kuna waliokutana Zambia, kuna waliokutana Dubai. Hakuna nchi iliyo bora kwa wote.

2. Kwa nini Oman, na kwa nini Izki?

Sababu ya kwanza ni lugha. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman zilikimbia visiwa hivyo. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani walio ng'ambo warudi kujenga nchi. Walirudi kutoka Zanzibar na Pemba, na wengine walirudi kutoka bara: Burundi, Rwanda na Kongo. Walikuja na Kiswahili chao, na wengine na Kifaransa. Mpaka leo, Muscat na katika miji ya ndani kama Nizwa na Ibra, utasikia Kiswahili dukani na sebuleni. Mzazi asiyejua Kiingereza wala Kiarabu hatakuwa bubu huko.

Sababu ya pili ni safari. Ndege huruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Muscat. Mama yangu alitoka Uvira, akapita Dar es Salaam, na hakubadilisha ndege tena. Kwa mzee anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, hilo ni jambo kubwa.

Sababu ya tatu ni mahali penyewe. Izki uko katika mkoa wa Ad Dakhiliyah, kwenye barabara ya kutoka Muscat kwenda Nizwa, mwendo wa saa moja hadi saa moja na nusu kwa gari kutoka uwanja wa ndege. Husemwa kuwa ni miongoni mwa miji mikongwe kabisa ya Oman. Ina mitaa miwili ya kale ya nyumba za udongo, Harat al-Yaman na Harat al-Nizar. Ina mashamba ya mitende, ndimu na migomba. Na ina mfereji wa maji uitwao Falaj al-Malki, ambao mwaka 2006 UNESCO iliuandikisha pamoja na mingine minne ya Oman kuwa urithi wa dunia. Hakuna foleni za magari, hakuna kelele. Mzee anaweza kutembea asubuhi hadi shambani na kurudi bila kupotea.

3. Nyumba ya shamba ni nyumba ya namna gani?

Mama aliposikia tutalala "gesti" alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi mtu mzima, unipeleke gesti?" Mnajua neno hilo lina harufu gani kwetu: chumba nyuma ya baa, muziki usiku kucha. Kwa hiyo tuanze kwa kuliweka neno hilo pembeni.

Wale mnaoishi Lancaster na vijiji vyake huko Pennsylvania mna mfano karibu. Mmewaona Waamish na magari yao ya farasi. Katika mashamba ya upande ule ziko nyumba zinazopokea wageni: unalala chumba cha juu, asubuhi unakula mezani chakula kilichopikwa na mwenye nyumba, watoto wanatazama ng'ombe wakikamuliwa. Hakuna mapokezi wala lifti. Ni nyumba ya mtu, na mtu huyo ana kazi zake, dini yake na siku yake ya kupumzika. Jumapili hafanyi biashara. Hapendi kupigwa picha ya uso. Nyumba yake mwenyewe haikuunganishwa na nyaya za umeme za mji. Mgeni anakaribishwa ndani ya maisha hayo, lakini maisha hayabadilishwi kwa ajili yake.

Upande wa Izki, Birkat al-Mauz na vijiji vya milima ya Jabal Akhdar ni hivyo hivyo kwa namna yake. Miongo michache iliyopita watu walihama kutoka nyumba za udongo kwenda nyumba mpya za saruji zenye umeme na maji ya bomba. Mitaa ya zamani ikabaki mitupu, kuta zikaanza kuanguka. Miaka ya karibuni baadhi ya wenye nyumba wamerudi, wakakarabati kuta kwa udongo na majani makavu, wakatengeneza paa za magogo ya mitende, wakaweka vitanda na kufungua milango kwa wageni. Kijiji cha Misfat al-Abriyeen, upande wa Al Hamra, kimepata jina kwa kazi hiyo: mwaka 2021 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka kwenye orodha yake ya vijiji bora vya utalii. Nyumba nyingine si za kale. Ni nyumba za kawaida zenye ukuta, ua na vyumba viwili vitatu, katikati ya shamba la mitende.

Chai ya asubuhi itakuwa mkate mwembamba unaopikwa juu ya chuma cha moto, mayai, asali, jibini, maharage, na chai ya maziwa yenye iliki. Kahawa huja na tende. Kahawa hiyo ni nyepesi, haina sukari, na kikombe ni kidogo. Unakipokea kwa mkono wa kulia. Ukitosheka, unakitikisa kidogo kabla ya kukirudisha. Usipokitikisa, utamiminiwa tena, na tena, na utakosa usingizi.

4. Mgeni anayelipa: hapa ndipo kiini cha somo

Sisi tunajua ugeni wa aina mbili. Wa kwanza ni ugeni wa ndugu: unafika, unalala, unakula, na kama methali isemavyo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa pili ni ugeni wa kambini: unapanga mstari, unapewa, unasema asante, na huna la kuchagua. Wengi wetu tuliishi ugeni huo wa pili miaka mingi, na mwili haujausahau. Nimeona watu wazima wenye kazi nzuri wanaoomba ruhusa kufungua dirisha la chumba walichokilipia wenyewe.

Nyumba ya shamba ni ugeni wa aina ya tatu. Umelipa, kwa hiyo hukupewa msaada. Lakini umo ndani ya nyumba ya mtu, kwa hiyo hukununua watu wake. Ukiyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, mengine yote yatafuata.

Umelipa, kwa hiyo una haki ya haya: chumba safi, shuka safi, kitasa kinachofunga, maji ya kuoga, chai ya asubuhi kama mlivyokubaliana, na usiku wa utulivu. Kama kiyoyozi hakifanyi kazi, sema. Huna sababu ya kulala na joto kwa aibu. Sema kwa upole, na uiseme siku ile ile. Usingoje siku ya kuondoka.

Umo katika nyumba ya mtu, kwa hiyo haya si yako: jiko lake, isipokuwa akikualika, vyumba vya familia, sebule ya wanawake kama wewe ni mwanamume, na sebule ya wanaume kama wewe ni mwanamke, mpaka ukaribishwe, na muda wake wote. Mwenye nyumba si mtumishi. Ukitaka chakula cha mchana au cha usiku, unauliza mapema na unauliza bei. Usifike saa nne usiku na familia ya watu saba ukasema mna njaa.

Nitawapa mfano. Asubuhi ya pili tuliamka tukasikia ufagio uani. Alikuwa mama yangu. Aliamka kabla ya jua akafagia ua wote, akaanza na vyombo. Mama mwenye nyumba alitoka akashika kichwa kwa aibu, maana kwao mgeni kufagia ni kama kuambiwa nyumba ni chafu. Mama yangu naye alikuwa na aibu yake: anakula chakula cha watu bila kushika kazi. Mimi nilimweleza, "Mama, tumelipa." Hilo halikumtuliza hata kidogo. Kwake pesa haikuwa jibu.

Aliyelitatua ni mama mwenye nyumba. Alizaliwa Ujiji, akalelewa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha ziwani kama chetu. Alileta sinia ya tende za kuchambua, akaiweka kwenye mkeka, akakaa, akasema, "Dada, njoo tukae." Tende kavu huchambuliwa: nzuri upande huu, zenye wadudu upande ule, hizo ni za mbuzi. Walikaa saa mbili. Walizungumza juu ya ziwa Tanganyika, juu ya mukeke wa kukaanga, juu ya taa za Bujumbura zinavyoonekana usiku ukiwa Uvira. Kuanzia siku hiyo mama alipata kazi ya mkononi kila asubuhi, na hakugusa tena ufagio.

Tunajifunza nini? Wazee wetu wengi hawawezi kupumzika wakiwa hawana cha kufanya. Kabla ya safari, mweleze mwenye nyumba: mama yangu atapenda kusaidia kitu kidogo. Na mweleze mzee: huko kuna kazi ya kukaa. Mtamwokoa yeye na aibu, na mwenye nyumba pia.

5. Maji, picha, mavazi

Maji kwanza. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi au kutoka chemchemi hadi kijijini na mashambani bila pampu, kwa mteremko tu. Oman bado ina mifereji ya namna hii ipatayo 3,000 inayotumika. Maji yake yana utaratibu. Mahali yanapotokea kwanza ni pa kuteka maji ya kunywa. Chini yake huja sehemu za msikiti na za kuoga, wanaume mbali na wanawake. Mwisho kabisa maji huenda mashambani, na kila shamba lina zamu yake, inayohesabiwa kwa vipande vya kama nusu saa. Zamani walipima kwa kivuli cha mti mchana na kwa nyota usiku. Zamu hizo hurithiwa, huuzwa na hukodishwa.

Kwa hiyo mtoto akitia sabuni kwenye mfereji upande wa juu, ameichafua zamu ya watu wote walio chini. Akiziba tundu kwa jiwe ili acheze, ameiba maji ya mtu. Muulize mwenye nyumba: watoto wanaweza kutia miguu wapi? Atawaonyesha. Wanangu hawazungumzi Kiswahili vizuri na bibi yao hazungumzi Kiingereza, lakini walikaa naye kando ya mfereji mchana kutwa wakielea majani ya mtende kama mitumbwi. Hawakuhitaji mkalimani.

Picha: usimpige picha mwanamke, wala nyumba ya mtu iliyo wazi mlango, bila kuuliza. Wazee wanaume mara nyingi hukubali ukiwaomba. Wewe pia una haki hiyo hiyo. Kama hutaki sura ya mzazi wako itokee kwenye ukurasa wa matangazo ya nyumba hiyo, sema tangu siku ya kwanza. Kwa baadhi ya familia zetu, picha inayoonyesha nani alikutana na nani inaweza kumletea matatizo aliyerudi nyumbani.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Viatu vinavuliwa mlangoni. Pombe haiingii katika nyumba hizi. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama wewe ni Mkristo. Chumbani kwako ni sawa. Wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa sala. Salamu ya kwanza ni "Asalaam alaykum". Kwa mzee anayejua Kiswahili, "Shikamoo" itafungua mlango haraka kuliko pesa.

6. Neno juu ya historia

Mama yangu aliniuliza swali jingine kabla ya safari: "Tunaenda kulala kwa Waarabu?" Wanaotoka Maniema, Tanganyika na Kivu wanajua swali hilo linatoka wapi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka Zanzibar ikapita Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, na jina la Tippu Tip bado linatajwa vijijini. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Huko Oman watu wa asili ya Afrika walifanyishwa kazi katika mashamba ya mitende, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1970 tu.

Sitawaambia msahau. Waambieni watoto ukweli huo kabla ya kufika, kwa maneno wanayoyaweza. Lakini mwenye nyumba anayekuletea kahawa leo hakuongoza msafara, na wewe hukuja kama mzigo wa mtu. Umekuja kwa pasipoti yako, umelipa chumba chako, na utaondoka siku uliyoichagua. Mama yangu aliyasikia hayo akasema, "Basi nitakwenda nione." Yeye na mama mwenye nyumba walilizungumza jambo hilo siku ya nne, wao wawili, mlango umefungwa. Mimi sikuitwa.

7. Siku za kuonana

Hapa nazungumza kama mtu anayeshughulikia mafaili yenu. Familia hupanga tiketi, visa na zawadi, lakini haipangi moyo.

Siku ya kwanza usipange kitu. Mzazi amechoka, wewe una usingizi wa saa za ndege, watoto wanaogopa. Mnaweza kukaa kimya muda mrefu. Kimya hicho si baridi. Umbali wa miaka haufutwi kwa kukumbatiana mara moja.

Habari za vifo zitakuja. Kuna misiba uliyofichwa ukiwa mbali ili usiumie. Usimlazimishe mzazi aseme yote usiku wa kwanza, na usimlaumu kwa kuficha. Ua wa nyumba ya shamba unafaa kwa hili kuliko korido ya hoteli: mtu anaweza kulia nje chini ya mtende bila kutazamwa.

Pesa itatajwa. Ndugu waliobaki wamempa mzazi orodha. Amua kabla ya safari una kiasi gani, na umwambie mzazi siku ya pili au ya tatu, peke yenu: "Mama, nilichonacho ni hiki." Kadiri unavyochelewa, ndivyo kila chakula mnachokula kitakavyohesabiwa bei kichwani mwake.

Siku ya mwisho ni ngumu. Usiifanye siku ya sokoni. Kama mnataka kwenda soko la mifugo la Nizwa, ambalo hufanyika Ijumaa asubuhi, au kuiona ngome yake ya karne ya 17, nendeni katikati ya safari. Siku ya mwisho kaeni nyumbani. Kama ndege zenu zina saa tofauti, ni afadhali mzazi aondoke kwanza, ili usimwache peke yake uwanjani.

8. Kabla ya kukata tiketi

Visa. Ya Oman huombwa mapema kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na masharti hutofautiana kwa kila pasipoti na hubadilika. Angalia ya kwako na ya mzazi, kila moja peke yake. Pasipoti zote ziwe na angalau miezi 6.

Majira. Nenda kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Agosti joto hupita nyuzi 40, na mzee hataweza kutoka nje mchana.

Bei. Riyali 1 ya Oman ni kama dola 2 na senti 60. Uliza kwa maandishi: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Watoto wanalipa? Chai ya asubuhi imo ndani? Nikighairi kwa sababu mzazi kanyimwa visa, narudishiwa kiasi gani? Swali hili la mwisho lisikose. Usilipe chumba chote kabla visa ya mzazi haijatoka.

Nyumba yenyewe. Uliza kama kuna ngazi, kama choo kiko ndani ya chumba, na kama kuna mtu anayezungumza Kiswahili. Nyumba nyingi za kale zina ngazi kali na milango mifupi. Mzee mwenye magoti mabovu apewe chumba cha chini.

Mabonde. Izki uko kando ya Wadi Halfayn. Mvua ikinyesha milimani, bonde kavu hujaa ghafla hata kama kwenu jua linawaka. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu kadhaa nchini Oman, wakiwamo wanafunzi waliokuwa ndani ya gari huko Al-Mudhaibi. Usivuke maji kwa gari, usiwaache watoto wacheze bondeni kukiwa na mawingu. Namba ya dharura ni 9999.

Dawa. Mzazi abebe dawa zake katika mkoba wa mkononi, na karatasi ya daktari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kila mmoja wetu ana hati gani leo? Ni nchi zipi tunaweza kuingia na kutoka salama?
2. Ni nani tunayetaka kumwona, na yeye ana pasipoti? Kama hana, ni nani atamsaidia kuanza?
3. Kati ya ugeni wa ndugu, ugeni wa kambini na ugeni wa kulipa, ni upi tunaouzoea zaidi? Unaonekana vipi katika mambo tunayofanya hapa Marekani, kwa mwenye nyumba, shuleni, hospitalini?
4. Mzazi wetu anapenda kushika kazi gani ya mkono? Tutamtafutiaje nafasi hiyo?
5. Watoto wanajua maneno mangapi ya Kiswahili ya kumsalimia bibi au babu? Tuanze na matano wiki hii.

Ukiwa tayari kwa swali la 1, njoo ofisini na karatasi zako zote, hata zile unazodhani hazina maana. Tutazipanga mezani moja moja, na tutaanzia hapo.